Fundi anayetaka kufundisha mubashara achague jukwaa gani?

Swali: Mimi ni fundi wa ushonaji, naishi Morogoro. Naweka video fupi za kukata na kushona TikTok, ambako nina wafuasi wapatao 9,000, na nina chaneli ya YouTube yenye watu 340 tu waliojisajili. Wafuasi wananiomba niwafundishe mubashara, na nimepanga kila Jumamosi jioni, kwa muda wa saa moja na nusu. Wengi wako Tanzania, wengine Nairobi, Kampala, Lubumbashi na Muscat. Nina simu moja nzuri, simu nyingine ya zamani, kompyuta mpakato ya kuazima, na natumia bando la simu. Nirushe wapi: TikTok, Facebook, Instagram, YouTube, au Twitch ambayo mwanangu anasema ndiyo ya wataalamu? Na je, nirushe kote kwa mpigo?

Jibu: Dada, kwa hali uliyoieleza, darasa la Jumamosi lifanyie YouTube, TikTok iendelee kuwa mahali pa kuwapata wanafunzi wapya, na majukwaa mengine uyaache kwa sasa. Najua wapo watakaokushauri urushe TikTok kwa sababu ndiko wafuasi wako walipo, na ushauri huo una mantiki kwa mchekeshaji, au kwa muuza mitumba anayetaka kumaliza mzigo usiku huohuo. Wewe unafundisha. Kwa mwalimu, swali la kwanza ni kipindi kinakwenda wapi baada ya kuzima kamera, na hapo ndipo majukwaa haya yanapotofautiana kuliko watu wengi wanavyodhani.

Somo la kutia zipu ya kufichwa halieleweki kwa kuangaliwa mara moja. Mwanafunzi huangalia, hujaribu, huharibu kitambaa, kisha hurudi kuangalia tena ulivyoshika ukingo wa nguo na ulivyogeuza mguu wa cherehani. Hata darasa lako likihudhuriwa na watu wengi Jumamosi jioni, wengi wao watajifunza kwa kweli siku mbili tatu baadaye, wakiwa peke yao mbele ya cherehani zao, kwa kutumia marudio. Nimewaona walimu hodari wa mambo ya mikono wakijaza watazamaji usiku mmoja, halafu mwezi unaofuata mwanafunzi mpya akiuliza masomo ya nyuma yako wapi, hawana cha kumwonyesha. Kazi ya namna hiyo inaniuma ikipotea, maana maandalizi yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana.

YouTube huhifadhi yenyewe kipindi chochote kisichozidi saa 12, na marudio hubaki kwenye chaneli yako mpaka wewe uamue kuyafuta. Aliyechelewa kuingia anaweza kurudisha nyuma hata kabla kipindi hakijaisha, kwa hiyo mwanafunzi aliyekuwa akimaliza shughuli zake jikoni hakukosa hatua ya kupima kifua kwa sababu tu ulikuwa umeshaanza kukata. Baada ya kipindi, andika nyakati za hatua kwenye maelezo ya video, ukianzia 00:00, mathalani 00:00 vipimo, 14:30 kukata mikono, 41:10 kutia kola, na YouTube itaigawa video katika sura ambazo mwanafunzi hubonyeza na kufika moja kwa moja anapopataka. Masharti yake ni mepesi: nyakati tatu au zaidi, zikifuatana, kila sehemu ikiwa na sekunde 10 au zaidi. Ukiyapanga masomo katika orodha moja, baada ya miezi michache una kitu kinachofanana na kozi, na mtu wa Lubumbashi anayetafuta namna ya kukata gauni la mshazari anaweza kukupata kwa kutafuta tu, bila kuwahi kukusikia.

Facebook ilibadilisha utaratibu wake tarehe 19 Februari 2025: kipindi cha mubashara huhifadhiwa siku 30, kisha hufutwa, isipokuwa umekipakua mwenyewe na kukipandisha upya kama video ya kawaida. Kazi hiyo inawezekana, lakini kila wiki itakula bando mara mbili zaidi, la kupakua na la kupandisha. Aidha, tangu Juni 2024 Facebook hutaka akaunti iwe na umri wa siku 60 na wafuasi 100 kabla ya kuruhusiwa kurusha. Instagram, tangu Agosti 2025, huruhusu kurusha kwa akaunti za wazi zenye wafuasi kuanzia 1,000, kwa hiyo kama huko huna wafuasi suala hilo limekwisha. TikTok inakuruhusu wewe, kwa kuwa umevuka kiwango cha kawaida cha wafuasi 1,000 na wanaorusha hutakiwa wawe na umri wa miaka 18 au zaidi, lakini mtazamaji anayechelewa huanzia pale ulipofika, na kipindi kikishaisha hakibaki kwenye ukurasa wako kama somo la kurudiwa.

Kuhusu Twitch, mwanao hajakosea anaposema ni ya wataalamu, ila ni wataalamu wa michezo ya kompyuta. Ilianza mwaka 2011 ikitokana na Justin.tv, Amazon ikainunua mwaka 2014, na mpaka leo watazamaji wake wengi huingia humo kutafuta michezo hiyo na mazungumzo yanayoizunguka. Marudio ya mtu aliyefika daraja la Affiliate, yaani lile la kwanza la warushaji wanaoweza kulipwa, hufutwa baada ya siku 14. Kick, iliyoanzishwa mwaka 2022, husifiwa kwa kumwachia mtayarishaji asilimia 95 ya ada za uanachama, lakini nayo ni uwanja wa michezo hiyo hiyo, na waanzilishi wake ndio wenye kampuni ya kamari ya Stake. Asilimia 95 haina maana mahali ambapo hakuna mtu anayetafuta mshono.

Jambo la pili linahusu bando la wanafunzi wako, na hapa naomba unifuatilie kwa makini kwa sababu halionekani kwa macho. Unaporusha, simu yako hupeleka picha ya ubora mmoja tu kwenye mitambo ya jukwaa. Mitambo hiyo ndiyo huamua kama itaigeuza picha yako kuwa ya ubora wa aina kadhaa, kuanzia kubwa mpaka ndogo kabisa, ili kila mtazamaji apate inayolingana na mtandao wake. YouTube hufanya hivyo kwa chaneli zote, hata yenye watu 340, ndiyo maana mtu mwenye mtandao dhaifu anaweza kushusha ubora mpaka 240p au 144p na bado akasikia maelezo yako yote bila kukatika. Twitch haimhakikishii mrushaji mdogo huduma hiyo. Mitambo ikiwa na kazi nyingi, mtazamaji hupewa picha ileile uliyoituma, aipokee ilivyo au aiache. Fikiria mwanafunzi wa Lubumbashi au wa kijijini Kilosa: picha inayohitaji megabiti 3 kwa sekunde ikikwama kila baada ya muda, ataondoka, na wewe utadhani hapendi somo.

Upande wako nako kuna hesabu. Kurusha kwa ubora wa 720p, picha 30 kwa sekunde, huhitaji karibu megabiti 3 mpaka 4 kila sekunde. Kwa megabiti 3, saa moja hutumia takriban gigabaiti 1.35, na darasa lako la saa moja na nusu litamaliza gigabaiti 2 hivi. Ukishuka mpaka megabiti 1.5, darasa zima litatumia gigabaiti 1. Nunua bando kwa kufuata hesabu hiyo, uongeze kidogo kwa ajili ya majaribio na gumzo, na usitegemee bando la usiku kama darasa ni la jioni. Kabla ya yote, pima kasi ya mtandao hapo hapo utakapofundishia, Jumamosi, saa ileile ya darasa, na uangalie kasi ya kupandisha badala ya ile ya kupakua ambayo ndiyo watu huisifia. Kasi ya kupandisha iwe walau mara mbili ya unachorusha. Ukipata megabiti 3 tu, rusha kwa 1.5 bila kuona haya. Picha ndogo inayotiririka ni bora kwa mwanafunzi kuliko picha kali inayokwama mkasi ukiwa katikati ya kitambaa.

Katika kazi yako kuna jambo ambalo walimu wa masomo mengine hawalioni. Mitambo hubana picha kwa kurudia sehemu zisizobadilika na kutumia nguvu kwenye sehemu zinazobadilika. Kitenge chenye maua mengi, kikisogezwa mezani, hubadilisha karibu kila nukta ya picha, na kwa mtandao mdogo matokeo yake ni ukungu wa rangi ambamo hata mstari wa chaki hauonekani. Kwa hiyo fundishia kitambaa cha rangi moja, hata marekani ya bei nafuu, na kitenge ukionyeshe mwishoni kwenye nguo iliyokwisha. Tumia uzi wa rangi inayopingana na kitambaa ili mshono uonekane, chaki iliyochongoka, na tepu yenye tarakimu kubwa. Simu isitikisike kamwe. Stendi inayoishika juu ya meza, ikitazama chini, ndiyo kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya taa na kabla ya simu mpya. Baada ya hapo nunua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, kwa kuwa cherehani hunguruma, na mwanafunzi aliyeshusha ubora mpaka 144p anategemea sauti yako kuliko picha. Zima cherehani unapoeleza, kisha shona ukiwa kimya.

Meza ya kukatia ni pana, na hapo pia YouTube inakufaa. Kipindi cha TikTok hutazamwa simu ikiwa imesimama; katika umbo hilo utaonyesha ama shingo ya gauni ama pindo lake, na ukitaka vyote viwili itabidi urudishe kamera mbali mpaka vidole visionekane. YouTube hupokea picha ya kulala, ambayo kitambaa cha mita mbili kinaenea ndani yake, na wapo wanafunzi watakaokutazama kwenye televisheni ya sebuleni huku cherehani iko mbele yao.

Umeuliza kama urushe kote kwa mpigo. Nashauri usifanye hivyo kwa miezi ya mwanzo. Ukitumia simu mbili, kila moja inapandisha picha yake, kwa hiyo bando linalotumika ni mara mbili na kasi uliyonayo inagawanyika. Zipo huduma kama Restream na StreamYard ambazo hupokea picha yako mara moja na kuisambaza zenyewe kwenye majukwaa kadhaa, na siku ukiwa na kompyuta yako mwenyewe na mtandao wa uhakika zitakufaa. Tatizo litakalobaki ni gumzo. Watu wa TikTok watauliza jambo, wa YouTube watauliza jingine, nawe mikono yote miwili imeshika kitambaa. Darasa lenye gumzo lisilojibiwa huwachosha watu haraka. Badala yake mteue mwanafunzi mmoja unayemwamini awe msimamizi wa gumzo kwenye YouTube, akusanye maswali, na wewe usimame kila baada ya dakika 20 hivi kuyajibu kwa pamoja, ukitumia ile simu ya zamani kuyasomea. Kumbuka kwamba kati ya unachosema na anachokiona mtazamaji kuna ucheleweshaji, unaoweza kufika nusu dakika na zaidi. Ukirusha kwa kompyuta, YouTube hukuruhusu kuchagua ucheleweshaji wa kawaida, mdogo au mdogo sana. Kwa mtandao wa simu chagua wa kawaida, kwa kuwa ndio unaovumilia mtandao unaoyumbayumba, na somo la ushonaji haliharibiki kwa jibu kuchelewa kidogo.

TikTok sasa. Sitaki uiache, maana wafuasi 9,000 umewapata kwa jasho lako na huko ndiko watu wapya wanakokuona. Ingia mubashara huko katikati ya wiki kwa dakika 20 au 30, simu ikiwa imesimama, ukiwa umeivaa au umeining'iniza nguo itakayofundishwa Jumamosi. Jibu maswali, onyesha shingo na mikono yake, taja siku na saa, kisha waelekeze kwenye linki iliyo kwenye wasifu wako. Kipindi cha YouTube kiratibu mapema, siku tatu nne kabla, ili linki iwepo na mtu aweze kubonyeza kitufe cha kukumbushwa. Baada ya darasa, kata vipande vya sekunde 40 au 60 kutoka kwenye marudio, hatua moja kwa kila kipande, uviweke TikTok. Kwa mzunguko huo somo moja linakupa kazi ya wiki nzima, na wanaokufuata kwa vipande wanajua mahali pa kuupata mshono mzima.

Suala la fedha linahitaji ukweli kuliko matumaini. TikTok ina zawadi: mtazamaji hununua sarafu, hukutumia waridi au zawadi nyingine, nayo hugeuka almasi kwenye akaunti yako, huku jukwaa likibaki na sehemu kubwa ya kile alicholipa. Nimewaona watu wenye ujuzi mzuri wakianza kuomba zawadi kila dakika mpaka somo likapotea, na kwa mwalimu hilo hushusha heshima. YouTube hulipa kwa matangazo, nayo humwachia mtayarishaji asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayoonyeshwa kwenye video ndefu, lakini ili uingie kwenye mpango huo unahitaji watu 1,000 waliojisajili na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au vinginevyo video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Tanzania imo kwenye mpango. Marudio yaliyo hadharani yanahesabiwa katika hizo saa 4,000, na darasa la saa moja na nusu linalorudiwa na wengi huzikusanya haraka kuliko video ya dakika tatu.

Ukifika huko, yako mambo ambayo yamewakwamisha wengi na ni vyema uyajue sasa. Salio likifika dola 10, Google hutuma kwa posta barua yenye namba ya kuthibitisha anwani, kwa hiyo andika S.L.P. ambayo unaifungua kweli. Malipo hutoka salio likifika dola 100. Tangu mwaka 2021 Google huwataka watayarishaji wa nje ya Marekani wajaze taarifa za kodi za Marekani. Ukizijaza, kinachokatwa ni kodi kwenye mapato yatokanayo na watazamaji walioko Marekani pekee, na kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo, kiwango ni asilimia 30 ya sehemu hiyo, ambayo kwako itakuwa ndogo. Usipozijaza, wanaweza kukata mpaka asilimia 24 ya mapato yako yote, pamoja na yanayotoka Dar es Salaam na Muscat. Kabla jina lako halijaingia kwenye akaunti ya malipo, hakikisha linalingana herufi kwa herufi na la kitambulisho chako na la akaunti ya benki.

Hata hivyo, kwa miaka ya mwanzo fedha yako ya uhakika haitatoka kwenye matangazo. Itatoka kwa wanafunzi wanaolipia kozi, wanaonunua paterni zilizokatwa tayari, na wateja wanaoleta oda baada ya kuona mkono wako. Weka lipa namba ya biashara kwenye maelezo ya kila video, ikiwa na jina la biashara, na usitumie laini yako ya nyumbani. Kozi ya kulipia unaweza kuifanya kwa kipindi kisichoorodheshwa, yaani kile ambacho huonwa na aliyepewa linki peke yake, ingawa ujue kwamba linki husambazwa. Kwa kundi dogo la watu 10 au 15 waliolipa, ambao unataka uone mikono yao wanavyoshona, Zoom inafaa zaidi kuliko jukwaa lolote tulilolitaja. Toleo lake la bure lina ukomo wa dakika 40 kwa mkutano, kwa hiyo gharama ya toleo la kulipia iingize kwenye ada. Usipange madarasa hayo kwa simu za video za WhatsApp ukiwa na wanafunzi wa Ghuba, kwa kuwa simu za namna hiyo huzuiwa huko, hasa Falme za Kiarabu.

Jukwaa lolote utakalochagua si mali yako, na historia inatosha kuonyesha hivyo. Microsoft ilikuwa na jukwaa lililoitwa Mixer. Agosti 2019 ilimvuta kwake mrushaji mashuhuri Ninja kwa mkataba mkubwa, na tarehe 22 Julai 2020 ikalifunga. Periscope ya Twitter, ambayo waandishi wa habari waliitegemea dunia nzima, ilifungwa Machi 2021. Kwetu sababu huwa nyingine: Uganda iliifungia Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na miaka ikapita bila kufunguliwa, jambo linalowagusa moja kwa moja wanafunzi wako wa Kampala. Hapa Tanzania X ilifungiwa Mei 2025. Wakati mwingine hata si uamuzi wa mtu, kwani tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa. Kwa sababu hizo, tunza orodha ya namba za simu za wanafunzi wako, kwa ridhaa yao, kwenye daftari na kwenye WhatsApp, na uhifadhi nakala ya kila somo kwenye diski yako. Siku linki ikigoma dakika tano kabla ya darasa, ujumbe mmoja kwenye kundi utawapata wote.

Nakala hiyo ipate kwa kupakua marudio kutoka YouTube Studio, au, ukianza kutumia kompyuta, kwa programu ya OBS Studio ambayo ni ya bure na hurekodi huku ikirusha. OBS huunganishwa na YouTube kwa ufunguo wa kurushia, yaani msimbo wa siri wa chaneli yako. Mtu mwenye ufunguo huo anaweza kurusha chochote kwa jina lako, kwa hiyo usiuonyeshe kwenye picha ya skrini wala usiutume kwa mtu akusaidie. Kompyuta yako ni ya kuazima, na hilo linanitia wasiwasi zaidi kuliko jambo lingine lolote kwenye barua yako. Usihifadhi nywila humo, toka kwenye akaunti kila unapomaliza, na uweke uthibitishaji wa hatua mbili leo. Chaneli nyingi hupotea kwa njia hiyo, na kuirudisha ni safari ndefu.

Kuhusu muziki nitasema kwa ufupi. Usicheze taarabu wala Bongo Fleva unaposhona, hata kwa sauti ya chini kutoka redio ya jirani kama unaweza kumwomba apunguze. YouTube husikiliza vipindi vya mubashara, na ikitambua kazi ya mtu mwingine inaweza kuweka picha ya onyo mahali pa kipindi chako au kukikatisha kabisa. Ukihitaji muziki kwenye vipande vifupi, ipo maktaba ya sauti ya bure ndani ya YouTube Studio.

Upande wa sheria, Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizotungwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022, na zimegusa leseni kwa aina mbalimbali za watoa maudhui. Darasa la ushonaji halifanani na televisheni ya habari, lakini usitegemee maneno ya mitandaoni. Waandikie TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, eleza unachofanya na kwamba utatoza ada, na uhifadhi jibu lao. Mapato nayo yaende sambamba na TIN yako ya ufundi.

Sasa anza hivi. Leo ingia YouTube, thibitisha chaneli kwa namba ya simu na uombe kufunguliwa huduma ya kurusha mubashara, kwa kuwa mara ya kwanza inaweza kuchukua mpaka saa 24 kufunguka, na wengi hugundua hilo dakika kumi kabla ya kipindi. Kurusha kwa simu kunahitaji watu 50 waliojisajili. Wewe una 340, kwa hiyo umeruhusiwa. Jumamosi hii usitangaze darasa. Rusha kipindi cha faragha cha dakika 30, saa ileile uliyoipanga, ukikata kitu chepesi kama mfuko wa shuleni. Kisha angalia marudio kwa simu ya zamani, ukiwa umeshusha ubora mpaka 240p, na ujiulize kama tarakimu za tepu zinasomeka. Kama hazisomeki, shusha stendi karibu na meza au ongeza mwanga kutoka dirishani kabla hujagusa mipangilio yoyote ya programu. Jumamosi inayofuata fungua darasa la kwanza, na likiisha tu ingia YouTube Studio uhakikishe marudio yako hadharani, kwa kuwa chaneli zenye watu chini ya 1,000 zinazorusha kwa simu zinaweza kuwekewa ukomo wa watazamaji na marudio yake kuachwa kwenye faragha mpaka mwenyewe ayafungue.